Nukta Chini ya Vijistari

Bwenini
9 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti halisumbui na lile sikio la kushoto limetulia. Mimi ni mzima, nasoma, nakula, na kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha.

Uliniuliza kwa nini naamka saa kumi na moja alfajiri kama mwuza maziwa. Nahesabu vimondo, Bibi, na nahesabu kwa masikio.

Juu ya paa la stoo ya shule tumefunga antena ya mabomba ya alumini. Chini nina redio na daftari. Redio nimeielekeza kwenye stesheni iliyo mbali sana, ambayo huku haisikiki. Unachosikia ni mvumo tu, kama mchele unaomiminwa kwenye sinia bila kwisha. Kimondo kinapopita juu huacha mstari wa moto, mawimbi ya ile stesheni yanagonga mstari huo na kurudi chini, na kwa nusu sekunde nasikia neno, au kipande cha tarumbeta. Kisha mchele unaendelea. Kila nikisikia, nachora kijistari.

Shule nyingi zinafanya hivyo, kila moja mahali pake, na majedwali yanatumwa kwenye kituo cha utafiti wa anga. Watafiti hawawezi kusikiliza kila mahali kila siku, kwa hiyo wanatutegemea sisi wanafunzi. Nimesikiliza asubuhi mia moja na kumi na mbili, peke yangu. Wenzangu walianza nami Septemba, wakaacha Oktoba, blanketi likawashinda.

Sasa habari yenyewe. Mwanafunzi mmoja katika shule zote atachaguliwa aende kituoni wiki tatu wakati wa likizo, akasikilize kwa lile dishi lao kubwa kuliko bwalo letu. Bibi, nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu hivi. Mwalimu wa Fizikia amesema mwandiko wangu unafanana na njia ya siafu, nimpe Kiranja Mkuu daftari anakili jedwali kwa usafi. Huyu kiranja tunamwita Rula, kwa sababu hata orodha ya zamu za choo anaipigia mistari. Nimempa jana.

Niombee.

Mjukuu wako


Nyumbani
19 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti linauma kukiwa na baridi na linauma kukiwa na joto, kwa hiyo tumezoeana. Babu yako angekuwepo angekuonea wivu: mimi nilikaa miaka thelathini na moja nimevaa visikizio kwenye ubao wa simu nikiwaunganisha watu na kuwasikiliza wakigombana, wewe unasikiliza mbingu bila kufikisha miaka kumi na saba.

Hiyo nusu sekunde naijua. Zamani simu ya mbali ilikuwa inakuja hivyohivyo, mvumo, mvumo, kisha "haloo" moja, kisha mvumo. Wasichana wapya walikuwa wanaikosa. Mimi sikuikosa.

Ila nikuulize. Umempa daftari lote? Mwenyewe, kwa mikono yako miwili? Jina lako umeliandika kwenye jalada au ndani? Mimi jirani akiniomba sufuria namwandikia tarehe kwenye ukuta.

Basi, mimi ni bibi kizee mwenye shuku. Nitakuombea.

Bibi yako


Bwenini
4 Mei

Bibi,

Shikamoo. Habari za goti? Mimi mwili ni mzima.

Samahani kwa kimya. Nilikuwa sijui niandike nini bila kuchana karatasi.

Jedwali lilitumwa Machi. Wiki iliyopita, mbele ya shule nzima, Mwalimu alisoma barua kutoka kituoni. Shule yetu imeingia katika shule nne za mwisho. Mtafiti anakuja tarehe 6 Juni kumsikiliza mwanafunzi "aliyefanya kazi hii ya pekee". Akamwita Rula. Rula akatoka mbele akasimama wima. Wote wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Bibi, mikono ilianza yenyewe kabla sijaelewa.

Nikaenda ofisini. Nikasema, "Mwalimu, kazi ni yangu."

Akasema, "Nani amekataa? Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, na kiranja ndiye uso wa shule."

"Na masikio ya shule?"

"Usinijibu hivyo."

Nilimfuata Rula kwenye ngazi za bwalo. Hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Wewe ulichora vijistari. Mimi nimevifanya vikasomeka. Bila mimi wangedhani kuku amekanyaga wino." Wasichana wawili waliokuwa naye wakacheka, na mmoja wao ndiye ninayemkopesha sabuni.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili sijamwambia mtu yeyote.

Jana jedwali lake lilibandikwa ubaoni, mistari imenyooka, rangi mbili. Nililisoma lote. Kanuni ya mradi ni kwamba unaandika kwanza kila unachosikia, kisha unachambua. Kuna ndege ya abiria inayopita huku Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege nayo inarudisha mawimbi, lakini sauti yake inatetemeka, inakuja na kuondoka mara kumi, mara kumi na tano. Zote nilizichorea vijistari, na chini ya kila kimoja nikaweka nukta. Nukta maana yake ni ndege, toa. Nilikuwa nitoe mwenyewe kabla ya kutuma.

Rula hajui. Amehesabu vyote. Kwenye jedwali lake, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa ileile, vimondo vinaruka kutoka vinne hadi kumi na tisa. Nadhani ndiyo maana kituo kimevutiwa.

Atasimama mbele ya mtafiti, Bibi, na kuyaeleza hayo.

Nami nitakaa kiti cha mbele.

Mjukuu wako


Nyumbani
13 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilijipikia chai kwanza ili niifaidi.

Usiseme kitu. Usimwonye, usimkonyeze, usimtazame hata kwa huruma. Mwache aende mbele na rangi zake mbili.

Nikuambie nami langu. Nilikuwa na msimamizi. Usiku wa ile mvua kubwa, nguzo zilipoanguka, nilikaa kwenye ubao saa kumi na tisa bila kuvua visikizio. Asubuhi wakubwa walileta cheti, jina lililoandikwa ni lake. Alikuwa nyumbani kwake amelala. Unajua nilifanyaje? Foleni ya simu za mbali ilikuwa mikononi mwangu. Kwa miaka miwili, kila alipoomba simu ya kwake binafsi, nilimweka wa mwisho. Sauti yangu ilikuwa asali. "Subiri kidogo, bwana. Bado kidogo, bwana." Mama mkwe wake alikuwa anadhani mkwe hampendi. Aliomba uhamisho mwenyewe.

Mpaka leo nikikumbuka nalala vizuri.

Kaa kiti cha mbele na uchane nywele.

Bibi yako


Bwenini
27 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hapa wote wazima, isipokuwa mtihani wa Kemia uliotuumiza.

Jumapili nilikuwa nafua kwenye karo za nyuma. Rula alikuja peke yake akiwa na daftari langu kwapani. Alikuwa na macho mekundu. Amekuwa akijiandaa, watu wanasema analala na jedwali.

"We, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Hizi nukta. Hapa, chini ya vijistari, na hapa tena. Ni za nini?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Niliitazama. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza, Bibi, kama ulivyosema, lakini sikuwa nimejiandaa kuulizwa.

"Kalamu ilikuwa inavuja," nikasema.

"Zote hizi?"

"Ilivuja sana."

Akafunua kurasa mbili tatu. Nilidhani ameona, maana nukta za wino uliovuja hazijipangi Jumanne na Ijumaa. Kisha akacheka kwa pua. "Pole. Ndiyo maana Mwalimu alitaka mwandiko wangu." Akaondoka zake.

Kabla hajasema hilo nadhani ningemwita. Alipolisema nilirudi kwenye shuka langu nikalisugua mpaka likatoa sauti. Nilikuwa na furaha. Nakuandikia ukweli, kwa sababu ulinifundisha kwamba barua haina faida kama inadanganya. Furaha ilikuwa kubwa, na haikunipa usingizi.

Zimebaki siku kumi.

Mjukuu wako


Nyumbani
2 Juni

Mjukuu,

Marahaba.

Nakuandikia upesi, na nimempa barua hii mwenye duka aende nayo posta leo leo.

Nenda kwa huyo msichana umwambie nukta ni nini.

Simwonei huruma, mwache aungue. Lakini mimi nilimngojesha yule bwana miaka miwili na sikuwahi hata siku moja kumpa namba isiyo yake. Aliyeuliza namba anapewa namba. Ukianza kutoa za uongo, wewe si mwendeshaji simu tena, wewe ni mtu aliyeshika nyaya tu. Hata akiuliza mwizi.

Kunyamaza nilikuruhusu mimi. Kalamu inayovuja umeiongeza mwenyewe.

Mwambie kabla ya Jumamosi. Kisha mchukie kwa raha zako.

Bibi yako


Bwenini
10 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako ya tarehe 2 imefika Jumatatu, tarehe 8. Ilikuwa imechelewa siku mbili.

Nitakueleza kwa mpangilio.

Bwalo lilipangwa viti. Mtafiti ni mama mmoja mfupi mwenye saa ya kiume mkononi na begi lenye kishikio kilichoshonwa kwa waya. Hakukubali kukaa meza kuu. Alikaa kwenye safu ya wanafunzi, viti viwili kutoka kwangu.

Rula alieleza vizuri. Siwezi kukataa hilo. Alieleza antena, mvumo, mawimbi, kila kitu nilichowahi kukisema mbele yake akijifanya hasikii. Alishika rula yake halisi akionyesha safu. Alipomaliza, makofi.

Mtafiti akasimama, akaenda kwenye jedwali, akaweka kidole. "Hii ni siku gani?"

"Jumanne."

"Na hii?"

"Ijumaa."

"Hii?"

"Jumanne."

"Vimondo vyenu vina ratiba, mwanangu. Vinasafiri mara mbili kwa wiki. Vinakata tiketi wapi?"

Bwalo zima lilicheka. Hata wapishi waliokuwa dirishani. Bibi, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa nimechana nywele.

Ndipo Rula akaninyooshea rula yake. "Mwulizeni yule. Daftari ni lake. Kazi yote ni yake, mimi nimenakili tu." Alisema hivyo mbele ya watu wote, yale maneno niliyoyalilia tangu Aprili. Kisha akaongeza, "Nilimwuliza nukta ni za nini. Akaniambia kalamu inavuja."

Kicheko kikaisha.

Mtafiti akanigeukia. "Ni za nini?"

Nilisimama. "Ni ndege. Sauti yake hutetemeka. Nilikuwa nizitoe."

"Na alipokuuliza?"

"Nilimwambia kalamu inavuja."

Hakupandisha sauti. Alisema tangu Aprili kituo kilikuwa kinaitafuta ile mvua ya vimondo ya Jumanne na Ijumaa. Waliziomba shule nyingine tatu zithibitishe. Watoto wa shule tatu wamekuwa wakiamka alfajiri siku hizo, wengine wadogo kuliko sisi, kusikiliza kitu ambacho hakipo. "Wewe ulijua kwamba hakipo."

Nilijua tangu tarehe 3 Mei. Sikuwafikiria, kwa sababu sikuwaona. Nilikuwa namwona Rula tu.

Nafasi ya kwenda kituoni amepewa mvulana wa mojawapo ya shule hizo. Alituma jedwali lenye sifuri kumi, na chini akaandika kwamba amesikiliza vizuri na hajasikia kitu. Mtafiti alisema huyo ndiye anamtaka karibu na dishi lake.

Kwa hiyo siendi.

Asubuhi zangu mia moja na kumi na mbili hazijafutwa bado. Mtafiti ameacha fomu ya marekebisho. Ina mstari wa aliyesikiliza, mstari wa aliyenakili, na nafasi ya kueleza kosa lilitokeaje. Wote wawili lazima watie sahihi. Fomu isipofika kituoni kufikia katikati ya Julai, jedwali lote linaondolewa. Mwalimu wa Fizikia, ambaye siku ile alitazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho, ameniita. Anataka niandike "Shule" kwenye mistari yote miwili, kwa ajili ya amani.

Nifanyeje?

Mjukuu wako


Nyumbani
20 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nimelia kwa ajili ya ile nafasi. Kisha nikatoka nje nikamtukana Rula mbele ya kuku, mmoja mmoja, na wote walikubaliana nami. Wewe nimekutukana kidogo pia, lakini ndani ya nyumba.

Unaniuliza ufanyeje. Fomu imekuuliza nani alisikiliza. Imekuuliza nani alinakili. Imekuuliza nini kilitokea. Sijaona mahali ilipouliza kuhusu amani. Mwalimu wako anataka amani ya viatu vyake.

Jibu ulichoulizwa. Usipunguze, usiongeze. Utashangaa jinsi kinavyouma.

Bibi yako


Bwenini
7 Julai

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kuku hawajambo. Mimi sijambo kabisa.

Nimemaliza. Daftari langu lilirudishwa, na siku tisa nilikaa maktaba baada ya vipindi nikipitia asubuhi zote, kijistari kwa kijistari, nikitoa ndege. Jumanne na Ijumaa sasa zina vinne, vitano, viwili. Jedwali halina kitu cha kuvutia tena. Nalipenda zaidi.

Kisha nikajaza fomu. Kwenye mstari wa aliyesikiliza niliandika jina langu. Kwenye mstari wa aliyenakili niliandika la Rula, majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwandiko wangu ulinyooka.

Nilimpelekea jana. Alikuwa chumba cha viranja, anakunja bendera. Tangu ile Jumamosi watu wakimwona huuliza ndege ya saa ngapi. Sikuwahi kuuliza mimi, lakini sikuwakataza.

Alisoma mstari wa kwanza na wa pili. Akasema polepole, "Acha wazi pale pangu."

"Kwa nini?"

"Hizi fomu zinabaki kule. Miaka na miaka. Mtu akifungua ataona nilinakili."

"Si ulinakili?"

"Unajua ninachosema."

"Najua."

Akaiweka mezani. "Nisipotia sahihi, asubuhi zako zote zinafutwa."

Nilikuwa nimelifikiria hilo siku zote tisa. Nikamwambia, "Ndiyo. Soma mpaka mwisho."

Kwenye nafasi ya maelezo niliandika hivi: Mnakili alihesabu mwangwi wa ndege kuwa vimondo kwa sababu hakuwa msikilizaji. Jedwali lilitumwa kwa jina lake. Tarehe 3 Mei msikilizaji aliliona kosa akanyamaza kwa kusudi la kulipiza kisasi. Tarehe 24 Mei mnakili alimwuliza msikilizaji maana ya nukta. Msikilizaji alidanganya.

Alisoma mara mbili. Kidole chake kilisimama kwenye neno la mwisho.

"Umejiandika na wewe."

"Waliuliza nini kilitokea."

"Watakuona mwongo."

"Na wewe watakuona ulivyo. Tutakaa ukurasa mmoja."

Sikumwonea huruma, Bibi, nilijipima kwa ndani nikaona hakuna. Nilichokiona ni kwamba anaogopa karatasi kuliko alivyowahi kuniogopa mimi. Akachukua kalamu. Alitia sahihi bila rula, akanisukumia fomu, akasema, "Toka."

Nikatoka. Nimeituma leo asubuhi kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka karani wa posta aipige muhuri.

Machi alitaka sana jina lake liwe kwenye jedwali lile. Sasa lipo, na halitatoka.

Msalimie mwenye duka.

Mjukuu wako